«Sportlich-elegant» Si Traksuti: Nguo za Mwanamume kwa Jioni za Heshima Melini, Mto Danube

Kijitabu tulichotumiwa na kampuni ya meli kilikuwa na kurasa kumi na mbili, na habari ya mavazi ilichukua mistari minne tu. Mchana abiria avae apendavyo. Jioni avae «sportlich-elegant». Na katika jioni mbili, ile ya kukaribishwa na nahodha na ile ya kuagana naye, avae «festlich». Ninaishi Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, mtihani wa lugha nilifaulu, na barua za ofisi ya kodi ninazisoma bila mkalimani, lakini mistari ile minne ilinishinda.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nane, kutoka Passau kupitia Melk, Wien (yaani Vienna) na Bratislava hadi Budapest na kurudi. Mke wangu, ambaye ni mwuguzi, aliifanyia akiba miaka miwili. Kuhusu tiketi, bima na treni ya kwenda Passau sina la kusema, kwa maana yote hayo yanafanyika kwa simu katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Kilichonikwaza ni begi langu, na ndilo ninaloliandikia, ili mwanamume mwingine wa kwetu asipatwe na yaliyonipata.

Nilifanya kosa kwa akili zangu timamu. Nililigawa neno vipande viwili, kama tulivyofundishwa darasani: «sportlich» ni ya michezo, «elegant» ni ya kimaridadi. Nikahitimisha kwamba watu wa meli hula chakula cha jioni wakiwa wamevaa nguo za michezo zilizo nzuri. Ili nijiridhishe niliiandikia kampuni barua pepe nikiuliza abiria wanaume huvaa nini hasa, na siku ya pili nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba jioni huvaliwa «sportlich-elegant». Basi nikanunua traksuti mbili za rangi ya kijivu na raba nyeupe.

Jioni ya kwanza, meli ikiwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga Passau, niliingia ukumbi wa chakula na traksuti yangu. Wanaume wote, na wengi wao walikuwa wastaafu, walivaa shati la kola, suruali ya kadeti na viatu vya ngozi, na baadhi yao walitupia koti juu. Mzee tuliyepangiwa naye meza moja aliniuliza kama mashine za mazoezi za melini ni nzuri. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Aliamini kweli kwamba nimetoka mazoezini na sikupata nafasi ya kubadilisha nguo.

Nalisema mapema, kwa kuwa ndilo onyo lenyewe: neno la mavazi usilitafsiri. Mjerumani anaposema nguo ni «sportlich», hana habari na uwanja wa mpira. Anamaanisha nguo nadhifu isiyokaza shingo. Shati la kola, suruali isiyo ya jinzi, mkanda, viatu vilivyopigwa rangi. Koti ukipenda, tai hapana. Usitafsiri, na usiiulize kampuni maana ya neno, kwa sababu itakurudishia neno lilelile. Muulize mfanyakazi mwenzako aliyewahi kupanda meli ya mto alivaa nini mwilini, kisha mwombe picha.

Jioni ya pili, ile ya kukaribishwa na nahodha, ndiyo iliyoniumiza zaidi, na hapo sina budi kumtaja mjomba wangu wa Tanga. Nilimpigia kabla ya safari nikamsomea neno «festlich», naye akanijibu bila kusita kwamba meli ni meli, mwanamume anavaa tuksedo na tai ya kipepeo, na nisimwaibishe mbele ya Wazungu. Mjomba hajapanda meli yoyote zaidi ya boti ya Unguja, ila filamu ameziona nyingi. Ndugu zetu wa nyumbani tunawapenda, lakini ushauri wao juu ya Ulaya hutoka kwenye runinga. Nasi tunaufuata, kwa sababu tunaona haya kukiri kwamba baada ya miaka yote hii kuna mambo ya huku bado hatuyajui.

Kwa haki, mjomba alikuwa anazungumzia bahari. Meli kubwa ya bahari kama Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki, ina jioni rasmi ambazo mwanamume huvaa tuksedo au suti nyeusi, na akivaa hivyo hatazamwi mara mbili. Meli ya mto ni kiumbe kingine. Nyingi zina upana wa mita 11.4 tu, kwa sababu vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia meli kwenye mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube vina upana wa mita 12. Abiria ni mia moja na themanini au karibu na hapo, ukumbi wa chakula ni mmoja, na hakuna ngazi kuu ya kuteremka kwa mbwembwe. Katika meli za namna hii kwenye mito ya Danube na Rhine, «festlich» ni koti la rangi iliyokolea, shati jeupe au la samawati, suruali ya kitambaa, na tai kwa anayeipenda. Theluthi moja ya wanaume niliowaona hawakuvaa tai kabisa.

Nami nilisimama kando ya mlango wa ukumbi, tuksedo nyeusi, tai nyeusi ya kipepeo, mikono nyuma, nikimsubiri mke wangu aliyekuwa msalani. Wahudumu walikuwa wamevaa vizibao vyeusi na tai nyeusi za kipepeo. Bibi mmoja wa meza ya karibu aligusa mkono wa koti langu na kuniomba kikapu kingine cha mkate. Nilimletea, kwa kuwa mama yangu alinilea hivyo, kisha nikaenda kuketi na mke wangu kwenye meza iliyopakana na yake. Yule bibi aliponiona ninafunua kitambaa cha mapajani uso wake uliiva hadi masikioni, na kesho yake alituletea chokoleti. Wapo watakaosema ni rangi yangu iliyomdanganya, na sitabishana nao kwa sababu rangi haikukosa mchango wake, lakini nguo ndiyo iliyokamilisha shauri. Kwa hiyo onyo la pili: meli ya mto usivae nyeusi juu ya nyeusi. Chukua koti la buluu iliyokolea.

Koti hilo liwe moja. Najua neno hili litawakera wengi, maana sisi tumezoea kwamba kurudia nguo ni kutangaza umaskini. Sote tunajua suti inavyopatikana nyumbani: kamati inakutana, kitambaa cha sare kinachaguliwa, fundi anachukua vipimo, na suti ya send-off haiwezi kuonekana tena siku ya harusi. Hapa hakuna anayehesabu. Mzee wa meza yetu, aliyekuwa amestaafu kazi ya uhandisi, alivaa koti lilelile katika jioni zote mbili za nahodha, ya mwanzo na ya mwisho, akabadilisha shati tu. Hili ninawasifu Wajerumani kwa dhati: hununua koti moja la maana, hulitunza miaka kumi na tano, na hawalionei haya. Nisilowasifia ni kimya chao. Utavaa traksuti siku saba, nao watakuamkia kwa heshima siku saba, na hakuna atakayekunong'oneza.

Kitambaa cha koti kiwe sufu nyepesi, na hapa naomba usikilizwe ushauri wa mtu aliyeungua. Ndani ya kabini pasi hairuhusiwi kwa kuhofia moto, na ukiikuta kwenye begi lako usishangae wakiichukua wakaiweka hadi siku ya kushuka. Kabini yetu ilikuwa ya mita za mraba 15 pamoja na bafu, na kabati lilitosha hanga nane kwa watu wawili. Suti nzito ya poliesta iliyokunjwa begini hutoka na mistari kama ramani, na dobi wa melini, kama yupo, hutoza kwa kila kipande. Sufu ukiitundika bafuni wakati unaoga maji ya moto, hujinyoosha yenyewe kabla ya chakula. Mashati matatu yanatosha, na tai ikunje uitumbukize ndani ya kiatu.

Viatu ni moka au vya kamba, vya ngozi, lakini soli iwe ya mpira. Bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu, na ili ufike nchi kavu unavuka meli za wenzako kwa vidaraja vya chuma ambavyo umande ukitua vinateleza kama sabuni. Kule Wien tulikwenda kusikiliza muziki usiku, na koti kama hilo la buluu lingenifaa huko pia, ila nilikwenda na viatu vya tuksedo, na soli yake iliniangusha wakati wa kurudi.

Mtu wa pwani ataniuliza habari ya kanzu. Inafaa, tena inafaa kuliko suti. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kabla ya safari, koti juu yake na kofia ya kiua ni vazi kamili la jioni ya nahodha, kwa kuwa vazi la asili la kwenu kwa kawaida hukubalika panapotakiwa vazi rasmi. Rafiki yangu wa Mombasa alifanya hivyo kwenye Rhine, nahodha akaomba kupiga naye picha. Angalia tu ngazi za kwenda juu ya meli, ambazo ni nyembamba na zinahitaji pindo kushikwa, na upepo.

Upepo huo usiudharau hata mwezi wa Juni. Meli huingia Budapest usiku kwa makusudi, taa za jengo la Bunge zikiwa zimewaka, na abiria wote hupanda juu mara baada ya chakula wakiwa na nguo zao za heshima. Beba sweta jembamba la kuvaa chini ya koti. Mimi nililiona Bunge lile kwa dakika nne, nikakimbilia ndani.

Tuksedo nilimpelekea mjomba mwezi wa Desemba. Fundi wake amepunguza mikono, ameshaivalia harusi mbili, na kila nikipiga simu ananiuliza kama wale watu wa meli waliisifu.