Jinsi Kibarua wa Tumbaku Anavyoweza Kujihami Njia Zikifungwa Kabla ya Masoko

Kibarua anayetoka Kasulu au Kibondo mkoani Kigoma kwenda kulima tumbaku Urambo au Kaliua mkoani Tabora mara nyingi hulipwa mwisho wa msimu, tajiri wake akishauza. Hivyo maradhi ya mlipuko yakifunga njia mwezi Machi, majani yangali kwenye mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku), humkuta amefanya kazi miezi kadhaa na mfukoni hana hata nauli ya treni. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Tanzania haikuwafungia watu ndani, lakini India ilifungwa Machi 25 kwa taarifa ya muda wa saa 4 tu, na vibarua wengi wakarudi vijijini kwao kwa miguu. Muda kama huo hautoshi kudai ujira, kwa hiyo jihami tangu siku ya kupatana.

Siku hiyo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, andikeni malipo ya msimu mzima, kisha yagawanyeni kwa hatua: matuta, kupanda, palizi, kuchuma na kukausha, ili kazi ikikatika ijulikane unadai kiasi gani. Andikeni pia mahali ulipochukuliwa, na nani atatoa chakula kazi ikisimama. Tajiri akikataa kulipa nusu kabla ya masoko si lazima awe na hila, kwani naye huenda hana fedha mpaka tumbaku inunuliwe. Omba basi kiasi kidogo kila hatua inapokamilika, ukitume nyumbani kwa simu.

Uwe na daftari lako mwenyewe. Kila debe la unga, kipande cha sabuni na dawa uliyokopeshwa viandikwe kwa tarehe na bei, tajiri atie sahihi, nawe utie sahihi au dole gumba, maana makato ndiyo yanayozua ugomvi kuliko ujira wenyewe. Asiyejua kusoma amtafute mwenzake anayemwamini, si karani wa tajiri.

Njia zikifungwa, usiondoke kabla ya kumwona mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mtu aliyemwajiri kwingine amsafirishe hadi huko au amlipe nauli. Ndiyo sababu mahali ulipochukuliwa paandikwe. Tajiri akikaidi, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kwa kuachishwa kazi, ndani ya siku 60 kwa madai mengine kama ujira. Wape nakala, daftari lenyewe libaki mikononi mwako.