Mbwa Aliyepasuliwa Goti: Mwendo wa Polepole Ndio Unaomrudisha Mguuni

Wiki ya pili baada ya upasuaji ndiyo ya hatari kuliko zote. Maumivu yamepungua, nyuzi zinakaribia kutolewa, mbwa anatikisa mkia langoni, na mwenye boma anamfungulia usiku alinde kama kawaida. Akikatiza paka tu, kazi ya daktari inaweza kuharibika.

Mara nyingi mbwa hupasuliwa goti kwa sababu amekatika kano, yaani ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, iliyo ndani ya goti la mguu wa nyuma. Ndiyo inayouzuia muundi usiteleze kwenda mbele mbwa anapokanyaga. Daktari wa mifugo hulikaza goti kwa uzi mnene wa nailoni unaopita nje ya kiungo, au huukata muundi, akaugeuza kidogo na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa vyovyote vile, hesabu wiki 8 hadi 12 kabla ya kumwachia akimbie, na hata hapo kwa ruhusa ya daktari.

Siku 3 za mwanzo, funga barafu kwenye kitambaa umkande gotini dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Akitoka kujisaidia, pitisha kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, umwinue kidogo ili asiteleze. Sakafu ya vigae itandikie mkeka au magunia. Asilambe kidonda, avishwe kola ya plastiki.

Sasa kutembea, maana hapa ndipo mguu unapopatikana au kupotea. Mbwa akienda haraka huukunja mguu mbovu na kuruka kwa mitatu, na paja linazidi kusinyaa. Akienda polepole sana analazimika kuukanyagia. Kwa hiyo kamba iwe fupi, na wewe utembee kama unayemsindikiza bibi mzee. Anza na dakika 5 mara tatu kwa siku, na kila wiki ongeza dakika chache endapo kesho yake hachechemei zaidi. Akichechemea zaidi, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita.

Mimi hupenda kumpitisha kwenye udongo uliolowa asubuhi. Nyayo husema kweli: mwanzoni mguu uliopasuliwa huacha alama ya kucha tu, kisha vidole, halafu siku moja unaona wayo mzima umechapika, hafifu kuliko mwenzake lakini mzima. Siku hiyo moyo hutulia kabisa.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, daktari akiruhusu, mfanyishe kuketi na kusimama. Muweke ubavuni mwa ukuta, mguu uliopasuliwa uwe upande wa ukuta ili asiutupe nje, umwite kwa kipande cha chakula. Mara tano zinatosha kuanzia. Paja lipime kila wiki mbili kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale.

Tafadhali, usimpe dawa za binadamu. Brufen na diclofenac humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Mpe alizoandikiwa na daktari tu.

Ugali nao upunguze, kwa sababu hafanyi kazi ya usiku na kila kilo inayoongezeka inalemea goti. Ukipapasa mbavu unapaswa kuzihisi bila kukandamiza.

Mrudishe kwa daktari upesi kidonda kikitoa usaha, ikiwa wiki 2 zimepita na hagusishi mguu chini kabisa, au kama alikuwa anaukanyagia kisha ghafla akauinua. Uchunge pia mguu wa pili, kwani mbwa wengi waliokatika kano upande mmoja hukatika na wa pili baadaye. Ukimwona anaketi huku ameutupa mguu huo pembeni badala ya kuukunja chini yake, usisubiri mpaka achechemee.