Kwenda shughulini bila kurudi mgonjwa

Nina usonji (autism), yaani ubongo wangu unapokea watu na mazingira kwa namna tofauti na wengi. Nilijua nikiwa na miaka 31, baada ya kuishi kwa kuigiza watu wengine. Utotoni hakuna aliyeshtuka, maana kwetu binti kuinamisha macho mbele ya wakubwa ni adabu, nilisifiwa. Nilipoanza kazi ya kaunta ndipo nikaambiwa nimtazame mteja usoni. Nikajifunza kumtazama katikati ya nyusi, kutwa nzima.

Mwili ndio unaolipa. Baada ya kitchen party ya binamu yangu nililala siku mbili, mapazia yamefungwa, sauti haitoki. Nikitaka maji naonyesha kikombe kwa kidole. Mama alidhani malaria, tukapima, hakuna kitu.

Kama nawe uko hivyo, anza na daftari. Kila ukitoka shughulini andika ulichofanya kwa kujilazimisha, na ilichukua saa ngapi mpaka ukaweza kuongea tena. Kama hujui uangalie nini, dodoso la CAT-Q, lililochapishwa 2018, lina kauli 25 kuhusu namna watu wenye usonji wanavyojificha, yaani wanavyoigiza ili waonekane kama wengine. Mimi nilidhani salamu ndizo zinanimaliza. Kumbe hapana! Za nyumbani, nzuri. Za watoto, wazima. Zina mpangilio, najua zamu yangu. Kinachoniua ni kucheka na wenzangu kabla sijaelewa wanachekea nini. Basi nikaacha kicheko hicho kwanza. Hakuna aliyeuliza.

Pili, omba kazi. Iwe msiba au harusi, nenda uani kwa wanaopika, chukua ungo wa mchele. Macho yako chini, vidole vinatoa mawe na chuya, punje moja moja, na ukimya wako haumsumbui mtu. Hapo nakaa saa tatu bila kuchoka.

Tatu, mwambie mtu mmoja. Mimi nilimwambia shangazi: nikivuta mtandio mara mbili, naondoka, naomba uniagie. Akanishika mkono. "Mwanangu, kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unateseka?"

Usiache kujificha kila mahali kwa mpigo. Pale unapopatia riziki, nenda polepole. Kaunta bado natazama nyusi. Na wapo watakaosema unaringa. Mimi limeniuma hilo, na bado linaniuma.

Jumamosi kuna harusi. Nitafika saa nne asubuhi kuchambua mchele, na spika zikiwashwa ukumbini nitakuwa nimeshafika nyumbani. Shangazi anajua.