Kuirudishia IST ya zamani mng'ao: anza na taa, rangi baadaye

Toyota IST za toleo la kwanza, zilizouzwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, bado zimejaa barabara za Dar, na nyingi zinaonekana chakavu kuliko zilivyo. Juzi nimemsaidia jirani kusafisha yake. Alikuja akitaka kupiga rangi upya, nikamkatalia. Rangi ya kiwandani, hata ikififia, ni bora kuliko rangi inayopigwa chini ya mwembe huku vumbi likipita.

1. Osha
Kivulini, kwa shampuu ya gari. Sabuni ya unga iache kwa nguo. Kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi (clay bar, kipande laini kinachong'oa uchafu ulioganda juu ya rangi, si udongo wa ardhini), ukilowesha kwa maji ya shampuu, mpaka kiganja kiteleze.

2. Taa za mbele
Hapa ndipo gari linapozeekea. Kioo cha taa hizi ni plastiki iliyopakwa tabaka la kuzuia jua. Tabaka hilo likichakaa, taa inakuwa ya njano. Dawa ya meno, ambayo wengi huitumia kung'arishia taa, inasugua juu juu tu. Baada ya muda mfupi unjano unarudi, maana hukuweka kinga mpya.

Kwanza hakikisha unjano uko nje. Kama ukungu uko ndani ya taa, msasa hautasaidia chochote. Na kama gari lako ni la zamani zaidi, gonga kwa ukucha: taa za kioo halisi hazipigwi msasa.

Zungushia tepu ya karatasi kwenye boneti na bampa, tabaka mbili. Anza na msasa wa maji namba 800, halafu 1500, kisha 2000, ukimwagia maji muda wote. Kila namba ibadilishie mwelekeo: ya kwanza kulalia, inayofuata kusimama. Usihamie namba nyingine mpaka mistari ya iliyotangulia iishe yote, kwa sababu mstari wa 800 ukibaki utauona chini ya klia (rangi angavu ya kinga utakayopuliza mwishoni), na hapo unarudi mwanzo. Taa itakuwa nyeupe kama maziwa. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, usiiguse tena kwa mkono. Puliza klia ya 2K, ile yenye kigumishi ndani ya kopo. Tabaka la kwanza liwe jepesi sana, subiri kama dakika 10, ndipo yafuate mawili yaliyoshiba. Siku ya mvua ahirisha. Unyevu unaitia klia ukungu. Vaa barakoa ya kuchuja kemikali, si ya kitambaa, maana kigumishi hicho kinadhuru mapafu. Ukishafungua kigumishi, klia inaanza kuganda humo humo koponi, kwa hiyo maliza taa zote mbili siku hiyo.

3. Rangi
Polishi kwa mashine ambayo pedi yake inazunguka huku ikicheza (dual action). Grainda iliyofungwa sponji siikubali hata kidogo: inaunguza klia kwenye kingo za milango kabla hujashtuka. Malizia na nta.

4. Ndani
Brashi, kitambaa chenye unyevu, basi. Usimwage maji kwenye kapeti, kwani chini ya viti kuna nyaya. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa, usizichomoe.

5. Tairi na plastiki nyeusi
Tumia dawa ya kung'arishia iliyotengenezwa kwa maji. Ile ya mafuta inakamata vumbi na kurukia milango uliyotoka kuisafisha.