PhD ya makumbusho ya sanaa ukiwa Mwanza: anza na kitu kimoja tu

Tangu nimalize watu wananiuliza sana, hivi utafiti wa makumbusho unaochanganya fani tatu nne unaanzia wapi, basi ngoja niwape ninavyojua mimi.

Kwanza usianze na nadharia. Chagua kitu kimoja. Mimi nilipanda daladala ya Kisesa, nikashuka nikachukua boda mpaka Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yale aliyoyaanzisha Padri David Clement, nikakaa na ngoma moja siku nzima, nikapima urefu, nikapima mdomo, picha kibao, nikajiona mtafiti kwelikweli. Mzee mmoja niliyekuwa namhoji akanitazama weee, akasema, "Mjukuu wangu, umepima yote hayo, mbona hujauliza ilikuwa inapigwa lini?" Jioni nikafuta kurasa kumi na moja.

Sasa swali la mzee ndo linakupa fani zako. Ilipigwa lini, kwa mtemi gani, hiyo historia. Inaliaje, kamtafute mtu wa muziki akueleze Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanavyoshindana kucheza. Ngozi inakauka au inaota ukungu, hapo kemia. Bati likivuja nani analipa, uchumi. Fani isiyo na swali lake kwenye hicho kitu iache, usiiweke kupamba proposo.

Masapavaiza sasa. Nilikuwa nao wawili, wa uchumi na wa sanaa, chapta ya tatu ilirudi mara nne, huyu anataka namba yule anasema namba zimeua stori, kumbe ugomvi wote uko kwenye neno moja, "thamani". Kwa huyu ni bei, kwa yule ni heshima ya kitu kwa wenyewe. Kwa hiyo andika karatasi moja ya maneno mnayogombania, kila neno na maana zake, wakutanishe mezani siku moja wakubaliane. Usiwe tarishi wa imeili kama mimi mwaka mzima.

Namba zenyewe usizidharau lakini. Utafiti wa Metropolitan Museum kule New York uliochapishwa 2001 ulikuta mtu anaangalia kazi moja ya sanaa wastani wa sekunde 27 hivi. Na mimi nikakaa na saa ya simu nahesabu, wengi wanapita tu, mara mama mmoja akaganda kwenye ile ngoma karibu robo saa, kumuuliza, kumbe babu yake alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo za ngoma. Sekunde andika, halafu mfuate mtu umuulize, shikamoo kwanza.

Vibali, barua ya chuo iende kwa RAS, yaani Katibu Tawala wa Mkoa, ndo ushuke wilayani, anza mapema.

Halafu mahojiano ya Kisukuma yaandike usiku uleule. Mimi niliyaweka wiki mbili, kuja kusikiliza nasikia mashine ya kusaga ya jirani tu, ikabidi nirudi na sukari kilo mbili kumwomba mzee aanze upya.