Samaki mkubwa wa tangini akianza kuumwa, pima maji kabla hujashika dawa

Samaki mkubwa akigoma kula siku moja tu watu wengi wanakimbilia dawa, wanamwaga kifuniko hiki, kesho wanaongeza kingine, na hapo ndo wengi wanampoteza samaki ambae angepona kwa ndoo kadhaa za maji safi. Nasema hivi kwa sababu inauma, samaki wa mapambo kama oska (samaki mkubwa anaefugwa kwenye tangi la kioo) akitunzwa vizuri anaishi zaidi ya miaka 10 na anamjua anaemlisha. Oska mzima anafika sentimita 30 na kuendelea, anakula sana na kunya sana, na uchafu wote huo unabaki kwenye maji yale yale anayopumulia, wakati filta unakuta ni ileile aliyowekewa akiwa bado kama kidole.

Cha kwanza mjue samaki wako akiwa mzima. Muda mzuri wa kumkagua ni wakati wa kula, angalia kama anakuja mbio kama kawaida, anakitema chakula au anakitazama tu, alafu tazama mashavu (vifuniko vya matamvua anayopumulia) yanavyofunguka na kufunga, yote mawili yaende sawa bila haraka. Akipumua kwa shavu moja, akijikuna kwenye mawe, akibana mapezi mwilini, akijificha pembeni au akikaa juu anavuta hewa, kuna shida. Ila oska akilala ubavu siku umembadilishia tangi au umehamisha mawe yake usishtuke, ndo zao hao, wananuna. Kama anapumua vizuri na maji yako sawa mwache, zima taa, atainuka mwenyewe.

Sasa pima maji. Amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki) iwe 0, nitraiti (sumu ambayo bakteria wa filta wanaigeuza kutoka kwenye amonia) iwe 0, nitreti (kinachobaki mwishoni, sumu yake ni ndogo) isizidi miligramu 40 kwa lita na ikiwa chini ya 20 ndo bora zaidi. Amonia inazidi kuwa sumu pH (kipimo cha uasidi wa maji, ikishuka maji yana asidi zaidi) ikipanda na maji yakiwa ya moto, kwa hiyo kipimo kile kile kinaweza kuwa cha kawaida kwenye tangi moja na kikaua kwenye lingine. Ukikuta amonia au nitraiti imepanda, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo kwa maji yenye joto sawa na yaliyotolewa klorini (dawa inayowekwa kwenye maji ya bomba), ongeza pampu ya hewa, na usimlishe siku moja mbili, samaki mkubwa hafi kwa hilo. Tahadhari moja ambayo watu wengi hawaambiwi: kama tangi limekaa miezi bila kubadilishwa maji, pH yake huwa imeshuka sana, ukibadilisha mengi kwa mkupuo pH inaruka na amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kali, hapo enda na robo au chini ya robo kwa siku mpaka yakae sawa. Na sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria wanaokula amonia, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Filta mpya inahitaji kama wiki 4 hadi 6 ndo bakteria hao wakomae.

Ugonjwa unaowasumbua sana oska na jamii yake ni vishimo kichwani. Kabla hujaogopa, jua kwamba oska mzima ana vitundu vya asili kichwani, viko sawa kulia na kushoto na kingo zake ni safi. Vya ugonjwa vinakuwa ovyo ovyo, vinaanza kama umechoma na sindano karibu na macho na pua, vinapanuka, kingo zinapauka na wakati mwingine unaona kama uzi wa ute mweupe unatoka. Ukiona na kinyesi cheupe chembamba kama uzi, alafu samaki anakonda huku anatema chakula, kuna uwezekano mkubwa ana vijidudu vya utumboni vinavyoitwa spironyukleasi. Lakini vijidudu hivi vinaweza kukaa ndani ya samaki bila kumdhuru mpaka maji yachafuke au chakula kiwe duni, kwa hiyo dawa peke yake utatibu leo na mwezi ujao unarudi palepale. Shusha nitreti, mpe chakula chenye vitamini, acha kumlisha moyo wa ng'ombe na samaki wadogo wa kununua kila siku. Dawa yake ni metronidazo, na kama bado anakula ni bora ichanganywe kwenye chakula maana wadudu wako utumboni. Kama hagusi chakula kabisa inawekwa kwenye maji, kama miligramu 7 kwa lita kila siku kwa siku 5, na daktari wa mifugo akikuelekeza itakuwa salama zaidi. Kama filta yako ina makaa ya kuchujia maji yatoe kwanza, la sivyo yananyonya dawa yote. Na dawa hii usiitumie kamwe kwa samaki wa kuliwa, nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa mifugo ya chakula.

Madoa meupe kama punje za chumvi ni habari nyingine. Mdudu wake akiwa chini ya ngozi dawa haimgusi, anakufa akishatoka na kuogelea majini akitafuta samaki, ndo maana madoa yakiisha usiache, endelea siku kadhaa mbele. Pandisha joto taratibu mpaka nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, inaharakisha mzunguko wake, ila maji ya moto yana oksijeni kidogo kwa hiyo pampu ya hewa ni lazima. Tumbo kuvimba na magamba kusimama kama koni ya msonobari mara nyingi ni figo zimeshindwa, wachache sana wanapona. Mapezi kuoza yakianza tu, maji safi peke yake mara nyingi yanatosha.

Ukikokotoa dozi toa nafasi ya mchanga na mawe, tangi la lita 400 halina lita 400 za maji. Ukimhamisha tumia ndoo au beseni badala ya wavu, miiba ya mapezi inanasa na ute wa ngozi unatoka. Mkono wenye kidonda usiuingize tangini bila glavu, kuna bakteria wa samaki anaeingia kwenye ngozi ya binadamu na kutibika kwake kunachukua miezi. Samaki mpya mkalishe pembeni wiki 4, na wavu wake usiingie kwenye tangi kubwa.