Hitilafu moja, wasomaji watatu: namna ya kuandika maelezo ya kiufundi

Kabla ya kuandika, jiulize msomaji atafanya nini akimaliza kusoma. Tuseme pampu ya maji imesimama kwa sababu sili yake, yaani kizuizi cha maji kuvuja, imechakaa. Fundi anataka kujua afungue nini, kwa spana namba ngapi, aanzie wapi. Meneja anauliza kazi itasimama siku ngapi na anatakiwa kuidhinisha nini. Mtumiaji wa maji ana swali moja tu: yatarudi lini? Ukiwapa wote waraka mmoja, kila mtu atakutana na mengi yasiyomhusu, na lile linalomhusu huenda akaliruka.

Kwa meneja, anza na ombi. Wataalamu wengi huanza na historia ya tatizo kwa kuwa ndivyo walivyolifuatilia, lakini anayeamua hana haja ya kupita njia hiyo. Sentensi mbili zinatosha: "Pampu namba 2 imesimama tangu 12 Mei kwa sababu sili imechakaa. Naomba uidhinishe ununuzi wa sili 2 kabla ya 16 Mei, kwani pampu iliyobaki ikiharibika hatuna mbadala." Vipimo na picha viende kwenye kiambatisho. Usiandike "tangu jana". Barua ikisomwa wiki ijayo, jana hiyo itakuwa siku nyingine.

Kwa mtumiaji, "kutokana na hitilafu ya kiufundi" hakumsaidii kitu. Mwambie maji yatakatika lini, yatarudi lini, na ahifadhi kiasi gani.

Maelezo ya fundi ndiyo yenye mitego mingi. Kila hatua iwe na namba yake na kitendo kimoja, kwa kitenzi cha kuamuru: "Funga vali ya kuingizia." Ukiandika "vali inapaswa kufungwa", hajulikani wa kuifunga, na kila mmoja atadhani mwenzake ameshafanya. Sharti litangulie kitendo: "Kama taa nyekundu inawaka, usifungue kifuniko." Onyo nalo litangulie hatua. Anayefanya kazi huku akisoma hamalizi ukurasa kwanza, kwa hiyo "Fungua kifuniko. Hakikisha umeme umekatwa" ni mpangilio unaoweza kuua.

Kisha kagua viambishi. "Toa sili kwenye pampu kisha uisafishe." Asafishe nini? Sili na pampu ziko ngeli moja, hivyo "-i-" inaweza kurejelea yoyote kati ya hizo. Rudia nomino: "Toa sili kwenye pampu. Safisha pampu." Inasikika kama imerudiwa bure, lakini katika maelezo ya kazi marudio si kosa. Vivyo hivyo, kifaa kimoja kiwe na jina moja. Ukikiita vali, kisha koki, kisha bomba la kufungia, fundi atatafuta vitu vitatu.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. "Zima pampu saa 2" ni asubuhi, usiku, au kwa muda wa saa mbili? Aliyezoea saa ya kompyuta ataelewa 02:00. Andika "Zima pampu kwa dakika 120" au "Zima pampu 08:00 (saa mbili asubuhi)".

Namba isikae bila kipimo. Mwaka 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kama za metriki.

Neno la kuogopa zaidi ni "angalia". "Angalia presha" halisemi presha nzuri ni ipi wala la kufanya ikiwa mbaya. Andika: "Soma geji. Mshale ukiwa chini ya bar 2, zima pampu na urudi hatua ya 3." Geji ni kifaa cha kupimia presha, na bar ni kipimo chake. Bar 2 hapa ni mfano, namba halisi itoke kwenye kitabu cha pampu yako.

Ukimaliza, mpe maelezo mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, pampu ikiwa imezimwa na umeme umekatwa. Kaa pembeni, usiseme neno, isipokuwa akielekea kwenye hatari. Kila anapokutazama usoni badala ya karatasi, weka alama kwenye hatua hiyo. Swali atakalouliza usimjibu kwa mdomo. Jibu liandike ndani ya hatua, kisha tafuta mtu mwingine wa kujaribu, maana wa kwanza sasa ameshajua.